Moshi wa Jikoni kwa Wengine

Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye bati la jirani, Emérence alipiga magoti mbele ya kichanja na kubonyeza kidole gumba cha mkono wa kulia katikati ya kila donge la makaa. Madonge yalikuwa bado mabichi, meusi, ya kujaa kiganja, na kidole kiliingia hadi kwenye kifundo. Kilipotoka kiliacha shimo, na katika shimo hilo ndimo hewa ingepita siku donge litakapowashwa. Alifanya hivyo mara mia tatu, akapangusa kidole kwenye kitenge, akaenda kuinjika chai.

Kiwanda chake, kama kibanda kile kilistahili jina hilo, kilikuwa Namuwongo, upande wa chini wa reli, karibu na mtaro mkubwa unaobeba maji machafu ya mji. Maganda ya matoke yalitoka soko la Nakasero, kwa magunia, yakiwa yameanza kuchacha. Emérence aliyaanika, akayachoma ndani ya pipa lililofunikwa mpaka yakawa makaa, akayatwanga, akayachanganya na uji wa muhogo ili yashikane, akayafinyanga. Wengine mjini wana mashine yenye msumari wa kutoboa lile shimo. Emérence hakuwa na mashine, alikuwa na kidole.

Tena kidole chenyewe kilikuwa na mazoea. Tangu yeye na Katembo mumewe wavuke mpaka kutoka Kongo, miaka tisa iliyopita, kilikuwa kimebonyezwa kila mahali: kwenye karatasi ya kupokelewa, kwenye kadi ya chakula, kwenye kitabu cha zahanati, kwenye kioo cha mashine inayowaka kijani, kwenye orodha ya watu watakaopelekwa nchi ya tatu, na kwenye orodha ya wale ambao orodha yao ya kwanza ilipotea. Hakuna hata karatasi moja iliyomrudishia kitu cha maana. Basi kitu chochote kilichotoka mikononi mwake kwenda kwa watu alikitia kidole, kama vile wengine wanavyopiga ishara ya msalaba. Hapo ndipo alipokosea, lakini nani angemwambia?

Makaa hayo yalianza kwa sababu ya kifua cha Katembo. Katembo alikuwa mshona viatu, mtu mrefu asiye na maneno mengi, ambaye siku ya Jumapili aliimba besi katika kwaya ya kanisa la Wakongo kule juu ya barabara. Hakuwa na sauti nzuri, ila ilikuwa nzito kiasi kwamba glasi za mchungaji zilitetemeka mezani, na kwaya nzima iliegemea hapo. Kisha ikaja misimu miwili ya mvua mfululizo. Emérence alipikia ndani, mlango umefungwa, juu ya makaa ya miti yenye unyevu, na Katembo akaanza kukohoa. Daktari wa zahanati alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu, akavua vile vyuma masikioni.

“Kifua hiki hakitaki moshi,” alisema. “Hata kidogo. Mwaka mmoja mwingine wa moshi, mama, usinilaumu.”

Emérence alirudi nyumbani, akamwaga makaa ya miti kwenye mtaro, akatafuta wanawake waliojua kuchoma maganda. Alijifunza kwa miezi mitatu. Alipowasha donge lake la kwanza kwenye sigiri, halikutoa moshi wa kumtoa mtu chozi, nalo lilishika moto toka maharagwe yalipobandikwa hadi yalipoiva. Katembo alikaa kando ya sigiri, akavuta pumzi, akaitoa.

“Mama,” alisema, “iyi iko mzuri.”

Kwa Katembo hiyo ilikuwa hotuba.

Mteja wa kwanza alikuwa Adoch, mke wa polisi, Mwacholi aliyekaa kwenye kambi ya polisi ng'ambo ya reli. Alikuwa na mtoto mchanga na chumba kimoja, na kitanda, sigiri na mtoto vilipakana. Alinunua gunia siku ya Jumatatu. Jumanne, saa sita na robo mchana, Emérence akiwa amekaa mlangoni kwake anachagua mchele, moshi ulianza kutoka kwenye kona ya chumba chake, karibu na miguu ya kitanda. Hakukuwa na moto pale. Moshi ulipanda taratibu, ukafika kwenye dari, ukatanda. Ulikuwa na harufu ya mboga chachu ya majani, iliyopikwa na karanga za kusaga.

Katembo aliinua kichwa kutoka kwenye kiatu alichokuwa akishona.

“Iyi moshi iko ya nani?”

Emérence alinusa. “Iko ya Mama Adoch. Anapika malakwang.”

“Ah,” alisema Katembo, akakohoa, akahamia nje na kiatu chake.

Jioni Emérence alivuka reli kwenda kambini, kwa kuwa jambo kama lile si la kuachia hewani. Adoch alimkaribisha kwa furaha. Alimwonyesha ukuta wa chumba, namna ulivyobaki mweupe, na mtoto aliyelala usingizi wa kushiba.

“Mama, hii makaa yako iko safi,” alisema Adoch. “Hapana toa moshi hata kidogo. Mimi nalisema, moshi imekwenda wapi?”

“Imekuja kwangu,” alisema Emérence. “Saa sita na robo. Ulipika malakwang.”

Adoch alifikiri kidogo. “Ni kweli. Nalipika malakwang.” Alimtazama mtoto, kisha akamtazama mgeni. “Basi hiyo ni moshi yangu. Pole, mama. Nalipa wewe mayai mbili.”

Emérence aliyapokea mayai. Njiani alijipa moyo kwamba moshi wa chumba kimoja si kitu, na kwamba mlango una kazi yake. Alimwambia Katembo awe anatoka nje saa sita. Katembo alitoka, naye hakulalamika, ingawa Adoch alikuwa mpishi wa kuanza mapema na kuchelewa kumaliza.

Mwezi uliofuata alikuja Erinayo. Erinayo alikuwa kijana msomi wa chuo cha Kyambogo, mwenye shati lililopigwa pasi hadi kwenye kifungo cha mwisho, na alitumwa na mradi wa majiko safi uliotafuta wanawake wenye bidii. Alikuwa na kifaa cha kupimia moshi, kidogo, cha kufungwa kwa mkanda. Alikwenda nacho jikoni kwa Adoch, akakaa masaa mawili, na kifaa kikaandika sifuri. Alikipiga piga kwa kidole, kikaandika sifuri tena. Alirudi kwa Emérence akitabasamu kama mtu aliyeokota kitu njiani.

“Nnyabo, hii tumeitafuta miaka mingi,” alisema. “Makaa ya wengine inatoa moshi kidogo. Yako, sifuri kabisa. Unafanya nini?”

“Ninatia kidole.”

Erinayo aliandika. Emérence akamweleza pia mahali moshi unapokwenda, maana hakuwa mtu wa kuficha. Erinayo aliandika hayo vilevile, akatazama karatasi yake, akayakata.

“Hapa iko sehemu ya moshi ya jiko ya mteja,” alieleza, tena kwa heshima. “Sehemu ya moshi ya mwenye kutengeneza, hiyo haiko kwa fomu.”

Siku tatu baadaye mradi ulisimamisha kibao mbele ya kibanda, cha bati, kimepakwa rangi ya kijani, chenye mchoro wa sufuria na jani. Kibao hicho kilikuwa na faida ambayo hata waliokileta hawakuijua. Wiki hiyohiyo walipita watu wenye kopo la rangi nyekundu, wakitia alama ya X kwenye kila nyumba iliyokaribia reli mno, ili zivunjwe. Walitia kwa jirani wa kushoto. Walitia kwa jirani wa kulia. Walipofika kwa Emérence walisoma kibao, wakashauriana, wakapita. Zile nyumba mbili zilivunjwa Ijumaa, na tangu hapo chumba cha Emérence na Katembo kilisimama peke yake, nyuma ya kibao, kana kwamba ndicho kinachokishikilia.

Mradi ulileta wateja. Ilikuja hoteli moja ya Nakasero, ambayo wageni wake hawakupenda nguo zao zinuke jikoni. Zikaja nyumba za walimu kule Kyambogo. Wakaja wapika chapati, na shule ya watoto, na bibi mmoja mwenye kuku wa kuchoma. Emérence alikuwa sasa akibonyeza mara elfu moja kila asubuhi.

Na moshi ulifika wote, bila kupotea njia. Saa kumi na moja alfajiri ulifika wa chapati. Saa moja ulifika wa hoteli, wenye harufu ya soseji na mayai. Saa nne ulikuja wa uji wa shule. Kuanzia saa tano ulikuja wa matoke ya kufukiza kwa majani, ambayo Waganda huyaacha motoni mpaka mtu asahau kwamba ana njaa. Emérence na Katembo walijua mji mzima unakula nini. Walijua ni mwalimu gani wa Kyambogo amekosana na mkewe, kwa maana siku hiyo yalifika maharagwe ya jana. Majirani waliopita kwenye daraja la mtaro walisema, “Leo hoteli wana samaki,” wakaendelea na safari yao.

Kikohozi cha Katembo kilishuka chini, mahali besi ilipokuwa ikikaa. Walifungua mlango, moshi ukabaki. Walitoboa bati, mvua ikaingia na moshi ukabaki. Emérence akawaza kwamba pengine moshi umeizoea nyumba. Akapiga moyo konde, akamwacha Katembo chumbani, akaenda kukaa siku mbili kwa binamu yake Esperance, upande mwingine wa mji.

Chumbani kwa Katembo hapakutoka moshi hata chembe. Kwa Esperance, saa moja kamili, moshi wa soseji ulitoka chini ya kochi. Esperance alikuwa mwanamke mstaarabu. Alisubiri hadi ule wa uji wa shule, ndipo akamwambia binamu yake kwamba amefurahi sana kumwona.

Jumapili ndiyo iliyomaliza ubishi. Emérence aliketi kwenye benchi la nyuma, upande wa wanawake. Kwaya ilisimama na Katembo akafungua kinywa. Ilikuwa saa tano, matoke ya mji yamebandikwa. Moshi ulitoka chini ya benchi la Emérence, ukapita kati ya viatu vya waumini, ukapanda madhabahuni hadi kwaya ikaonekana nusu. Sopranu waliendelea. Besi ilikatika. Katembo alikuwa ameinama, mikono juu ya magoti, akitafuta pumzi, na kila alipoipata ilikuwa na harufu ya majani ya mgomba. Emérence alisimama, akatoka nje, na moshi ukatoka pamoja naye. Akiwa uani aliwasikia wakimaliza wimbo bila besi. Aliona aibu, kisha hasira, kisha akaona kwamba hakujua amkasirikie nani.

Usiku wote alimsikiliza Katembo akipumua. Asubuhi hakutia kidole. Alichonga kijiti, akatoboa madonge elfu moja kwa kijiti, na kidole gumba kikakaa bila kazi kwenye kitenge.

Wiki mbili zilipita, madonge ya zamani yakaisha majikoni mwa watu, na chumba cha karibu na reli kikakaa bila moshi. Katembo alilala hadi saa mbili. Alikula sahani mbili za bugali. Siku ya tisa bila moshi, akiwa anapiga misumari kwenye soli, aliimba mstari mmoja chini chini, na kopo la gundi likatetemeka. Emérence hakugeuka, asije akamkatiza. Alikuwa analia, na hakujali.

Siku ya kumi alikuja Adoch, amembeba mtoto mgongoni. Mtoto alikohoa mara tatu mbele ya mlango, na Emérence alizihesabu zote.

“Mama, makaa imebadilika,” alisema Adoch. “Sasa iko kama ya wengine. Inatoa moshi. Moshi si mingi, lakini chumba yangu ni moja.”

“Sikutia kidole,” alisema Emérence. “Juu ya Papa Katembo. Kifua yake.”

Adoch alimtazama Katembo, aliyekuwa amesimama wima na nyundo mkononi. Alimheshimu. Alibaki tu pale, akimpiga piga mtoto mgongoni, na hakuondoka kwa muda.

Siku ya kumi na moja alikuja Erinayo. Shati lake lilikuwa na jasho.

“Nnyabo, weka kidole,” alisema. “Watu ya hoteli nalalamika. Kyambogo nalalamika. Wazungu nakuja mwezi ujao kupima.”

Emérence alimwambia atie chake. Halikuwa tusi, na Erinayo hakulichukua hivyo. Alikunja mkono wa shati, akapiga magoti, akabonyeza madonge kumi kwa kidole chake laini. Yalipelekwa hotelini. Kesho yake mchana, ofisini mwa mradi huko Nakasero, ghorofa ya nne, ambako madirisha ni ya kioo na hayafunguki, moshi wa kitunguu ulitoka chini ya meza ya Erinayo. Ulikaa dakika arobaini. Wenzake walihamia chumba cha mikutano. Erinayo alirudi Namuwongo macho mekundu, na kwenye ripoti yake, mahali pa maelezo ya utengenezaji, aliandika kwamba kazi hii inahitaji mkono wenye uzoefu.

Wanawake wengine wa mtaani waliochoma maganda waliitwa kufundishwa. Walikuja wote wanane, wakasikiliza vizuri, wakanywa soda za mradi. Kila mmoja alikuwa amefunga mkono wa kulia ndani ya kitenge.

“Kama hapana kidole,” alisema Erinayo wanawake walipoondoka, akitazama chini, “mimi sitaki, lakini wakubwa watang'oa kibao. Hiyo kibao ni ya wateja.”

Yeye, Emérence na Katembo walitazama kibao, kisha wakatazama kushoto na kulia kwake, mahali palipobaki misingi miwili ya nyumba na choo kisicho na kuta. Kule darajani mtu mwenye kopo la rangi alikuwa amekaa kivulini akila karanga. Hakuwa na haraka.

Ni Katembo aliyesema. Aliweka nyundo chini kwanza.

“Rudisha kidole, mama. Mimi nitaenda kulala kule ku kanisa, mu stoo ya kwaya. Iko nafasi pembeni ya ngoma.”

“Na mimi?”

“Wewe utakuwa unakuja. Saa ile batu habapiki.”

Walikaa wakahesabu saa hizo, kwa kuwa hakuna waliojua mapishi ya mji kuliko wao. Kati ya saa tatu na nne asubuhi hapakuwa na sufuria motoni. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri pia hapakuwa na kitu, ila yule bibi wa kuku, na moshi wake ulikuwa mwembamba. Usiku hawakuuhesabu, kwa maana moshi wa jioni ulikawia chumbani hadi wa chapati ulipofika. Jumla ilikuwa saa tatu. Katembo alisema zipo ndoa zinazopata chini ya hapo. Alifunga nguo zake kwenye mkeka, akabeba sanduku la viatu, akavuka reli. Emérence alipiga magoti mbele ya kichanja.

Kwa miezi kadhaa waliishi hivyo, na usingesema ni maisha mabaya kuliko ya wengine. Saa tisa Emérence alipanda barabara akiwa na chakula kwenye bakuli lililofunikwa. Waliketi kwenye ngazi za stoo. Katembo alishona, yeye alimsimulia nani mjini amepika nini. Saa kumi na moja kasoro robo alijifunga kitenge, akashuka haraka kama mtu anayewahi basi, na mara nyingi moshi wa kwanza wa jioni ulimkuta akivuka reli, ukamwinukia miguuni.

Kisha hoteli ikaanza kupika alasiri, kwa ajili ya wageni wanaofika na ndege ya mchana. Saa tisa ikaenda. Wanafunzi wa Kyambogo wakagundua makaa yasiyojulisha msimamizi wa bweni kwamba mtu anapika chumbani, na wanafunzi hawana saa. Ile ya asubuhi ikaenda pia. Emérence alikuwa akibonyeza mara elfu tatu. Kidole kilikuwa kimelainika, hakina tena michirizi. Alipokwenda kuhuisha karatasi zake za ukimbizi, mashine haikumtambua. Iliwaka nyekundu mara nne, wakamwambia arudi siku nyingine akiwa na kidole.

Wapimaji walipokuja hatimaye, wakiwa wamechelewa kwa miezi, walikuwa na gari na kifaa kikubwa zaidi. Jikoni kwa Adoch kiliandika sifuri, hotelini sifuri, Kyambogo sifuri. Walipeana mikono. Wakati wa kurudi walipita Namuwongo kuona kiwanda, na kifaa, kikiwa bado kimewashwa, kilipiga kelele walipofika mlangoni mwa Emérence. Ilikuwa saa saba mchana. Hawakumwona vizuri, walimsikia akikohoa.

Mwenye kifaa alisoma tarakimu, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Alijaza fomu: nyumba hii inatumia nishati chafu. Alimweleza Emérence, kupitia kwa Erinayo, madhara ya moshi kwa mapafu, na kwamba si lazima aishi hivyo. Kisha wakateremsha kutoka kwenye gari msaada wa kuanzia, gunia moja la makaa safi. Emérence aliligeuza. Kila donge lilikuwa na shimo katikati, la upana wa kidole chake. Wakampa karatasi ya kupokelea.

“Weka hapa, nnyabo,” alisema Erinayo, bila kumtazama usoni.

Aliweka kidole. Karatasi ikabaki na doa jeusi lisilo na mistari yoyote.

Siku hizi moshi unamzunguka hatua kumi na tano kila upande, mchana na usiku, na kutoka upande mmoja wa reli hadi mwingine, pale alipopachagua, ni hatua ishirini. Anaweka bakuli juu ya taruma la reli, anarudi nyuma, anasubiri upepo. Katembo anashuka kutoka upande wa pili, analichukua, anaacha la jana likiwa limeoshwa. Wanazungumza kwa sauti kubwa kidogo, kama watu wa pande mbili za mto. Watu wanaotembea juu ya reli wanawasalimu wote wawili na kupita katikati.

Jumamosi iliyopita Katembo alionekana mnene. Rangi ya uso ilikuwa imerudi.

“Daktari anasema kifua iko safi!” alisema kwa sauti. “Kwaya ilininunulia sigiri. Napika na makaa yako, mama. Haina moshi hata!”

“Njo ile!” alijibu Emérence, yaani ndiyo hivyo, na kikohozi kikamzuia kuendelea.

“Kesho naimba. Wimbo ya mbele. Utasikia?”

Aliinua mkono kuonyesha kwamba atasikia. Na Jumapili alisikia kweli, akiwa amesimama barabarani chini ya ukuta wa kanisa, kwenye moshi wa matoke ya watu. Besi ilishuka kupitia madirishani, nzito na nzima, haikukatika hata mara moja, na mtu mmoja aliyepita na baiskeli alisimama kusikiliza. Emérence alifurahi hadi akaona kizunguzungu. Kisha akarudi nyumbani kabla watu hawajatoka, asije akawaharibia nguo zao za ibada.

Jioni, saa moja, alikuwa amepiga magoti mbele ya kichanja. Moshi wa hoteli ulikuwepo, na wa Kyambogo, na wa Adoch. Katikati yao ulifika mmoja mdogo, kutoka chini ya goti lake la kushoto, wenye harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, na mawese. Sombe ilikuwa imeshika chini kidogo. Katembo hajawahi kujua wakati wa kuongeza maji, miaka yote hiyo.

Emérence aliinama, akauvuta wote kifuani, akaushikilia hadi machozi yakamtoka. Alipomaliza kukohoa, madonge yalikuwa yanaanza kukauka. Yalibaki mia nne. Alipangusa kidole kwenye kitenge, akaendelea.